Kura Yangu ya Bahasha Tatu

Sina ugomvi na Wamarekani wanaoishi angani. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunipigia simu usiku. Mwaka 1997 jimbo la Texas liliweka utaratibu wa wanaanga kupiga kura wakiwa hukohuko juu, na mwaka uleule David Wolf akapiga yake akiwa kwenye kituo cha Mir, ambacho hata cha Wamarekani hakikuwa, kilikuwa cha Warusi. Kate Rubins naye akapiga kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2016, akarudia 2020. Karatasi inapandishwa, inajazwa, inateremshwa ikiwa imefungwa kwa siri, karani wa kaunti anaipokea, kwisha. Hongera zao. Langu ni swali dogo tu: ikiwa mtu anayeizunguka dunia mara 16 kwa siku anaweza kufikiwa na karatasi ya kura na akairudisha, mimi niliyetulia Kisauni, Mombasa, kwenye nyumba isiyozunguka popote, nimekosa nini?

Nijieleze kidogo kwa wasionijua. Nimezaliwa Mombasa, nikaenda Minnesota ujanani, nikafanya kazi za usiku za kuwageuza wazee vitandani, nikala kiapo cha uraia wa Marekani, kisha mgongo ulipoanza kudai haki zake nikarudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010 ikanirudishia Ukenya bila kunivua Umarekani. Kwa hiyo nina paspoti mbili na kura mbili, na pale barazani wanaamini nimebahatika. Hawajui kwamba nina serikali mbili za kunisumbua badala ya moja.

Sheria ya Marekani, ukiisoma, ni ya watu waungwana. Ilitiwa sahihi na Ronald Reagan mwaka 1986, na inasema askari, mabaharia wa meli za biashara, waume na wake zao, na raia yeyote anayeishi nje ya nchi, wote wana haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa popote walipo. Mwaka 2009 wakaiongezea meno. Karatasi ya kura lazima itumwe angalau siku 45 kabla ya uchaguzi kwa aliyeiomba mapema. Anayeitaka kwa barua pepe aletewe kwa barua pepe. Halafu kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: kura isikataliwe kwa sababu haina muhuri wa wakili, wala kwa sababu ya uzito wa karatasi, wala ukubwa wa bahasha. Yaani kuna mtu alikaa Washington, akavuta kiti, akawaza juu ya wembamba wa karatasi za Kongowea. Huyo mtu nikikutana naye nitamnunulia mahamri.

Shida ni kwamba uungwana wa serikali kuu unaishia mlangoni. Ndani wanakaa majimbo. Sisi hapa tuna tume ya uchaguzi, IEBC, moja kwa nchi nzima, na mtu akikasirika anajua pa kuelekeza matusi. Marekani haina chombo kimoja kinachoendesha uchaguzi wa rais. Kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo kila kaunti ina karani wake, na karani ana mikoba yake. Jinsi ya kuomba, mwisho wa kuomba, jinsi ya kurudisha, mwisho wa kurudisha, yote yanategemea mahali ulipoishi mwisho ulipokuwa kule.

Mfano ninao chumbani mwangu. Mke wangu naye ni raia wa kulekule, ila yeye aliishi Lowell, Massachusetts. Uchaguzi wa 2024 aliletewa karatasi kwa barua pepe, akaijaza, akairudisha kwa barua pepe, akiwa kitandani, mguu mmoja nje ya chandarua. Massachusetts inaruhusu barua pepe, na faksi pia kwa wale ambao bado wanayo. Minnesota inakuletea karatasi kwa barua pepe, kisha ukishaijaza inataka ije yenyewe kwa mwili wake, ndani ya bahasha, na ifike kabla siku ya uchaguzi haijakwisha. Ikichelewa, ndiyo basi tena. Kule kwa mke wangu hata anayetumia posta kutoka ng'ambo, mradi muhuri wa posta ni wa siku ya uchaguzi au kabla yake, anangojewa siku 10 zaidi. Nyumba moja, paspoti rangi moja, uji sufuria moja, na mmoja wetu anapiga kura kwa kidole gumba huku mwingine akitafuta gundi.

Nikamwambia si haki. Akaniambia ningehamia Lowell aliponialika.

Turudi kwenye fomu, maana fomu ndiyo mlango. Ipo fomu moja ya serikali kuu inayokuandikisha na kukuombea karatasi kwa mpigo mmoja, na wanashauri uijaze upya kila mwaka, Januari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya paspoti, sawa. Halafu wanataka anwani yako ya mwisho ya kule Marekani, hata kama huna chako pale tena. Yangu ni nyumba ya kupanga Brooklyn Park, ghorofa ya pili, ambako kwa sasa kuna mtu mwingine mwenye mapazia yake. Haidhuru. Kwa hesabu za uchaguzi mimi ni wa pale, na nitakuwa wa pale nikiwa na mvi mpaka za masikioni.

Baada ya hapo wanataka anwani ya sasa, na wameacha nafasi ya namba ya nyumba na jina la mtaa. Kisauni! Nyumba yangu inaelekezwa kwa kutaja duka la mkaa, kisha mwembe, kisha nyumba ya mabati ya buluu ambayo siku hizi imepakwa kijani. Barua huku haziji mlangoni, zinakwenda sanduku la posta, na sanduku tunalotumia ni la madrasa ya ami yangu, tunalishiriki koo tatu na madrasa yenyewe, na ufunguo anao binamu aliyehamia Malindi. Ndiyo maana niliomba nitumiwe kwa barua pepe. Msinione mpenda teknolojia.

Lakini kilichonikwamisha siku niliyoijaza si anwani. Fomu inakutaka ujiweke fungu moja. Fungu la kwanza ni la askari na familia zao. Halafu kuna raia aliye nje anayekusudia kurudi. Kuna raia aliye nje ambaye hana hakika ya kurudi. Na kuna raia ambaye hajawahi kuishi Marekani kabisa. Sasa mtu wa pwani ukimuuliza kama atarudi, jibu lake ni inshallah, na kisanduku cha inshallah hawajakiweka. Nikakaa na ile kalamu. Nikimwandikia karani kwamba ninakusudia kurudi, nitakuwa namdanganya, kwa kuwa nikikumbuka baridi ya Januari hata ziara siitaki. Nikisema sina hakika, roho inaniuma, kwa kuwa nimeacha rafiki kule, na pensheni kidogo, na koti zuri sana kwenye boksi la mtu. Nikamwita mke wangu anishauri. Akasoma, akasema, "Weka huna hakika." Nikamuuliza, wewe ungependa nirudi au nisirudi? Akaenda kuangalia maharage.

Na msidhani ni swali la kupoteza wakati. Minnesota, ukisema utarudi, unaletewa karatasi kamili pamoja na mahakimu, bodi ya shule na wasimamizi wa hifadhi ya udongo na maji. Ukisema huna hakika, unapewa ya ngazi ya taifa tu: rais, seneta, mbunge. Nikaweka sina hakika. Hivyo ndivyo nilivyoagana na mahakimu, ambao nilikuwa nawapigia kura kila wakitokea bila kumjua hata mmoja, na nilijisikia mtu wa maana sana nilipokuwa nawapigia.

Karatasi ikaja kwa barua pepe mwezi wa tisa, ndani ya muda wao, siwezi kuwasingizia. Kwenye simu yangu ilionekana mistari tu. Ilibidi ichapishwe, na printa sina, kwa hiyo nikaenda saiba.

Saiba ninayoendea ina kompyuta chache, printa moja inayokohoa, na kijana mmoja mwerevu kupita kiasi. Siku hiyo palikuwa na foleni: mama wa kutoa kopi ya kitambulisho, mwanafunzi wa chuo na fomu zake za mkopo, bodaboda mmoja aliyeingia kukimbia jua. Nikamtumia kijana ile faili, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nitolee hii, ni ya kibinafsi." Akaifungua kwenye skrini kubwa inayotazama foleni.

"Mzee," akasema, na sauti yake haikuwa ya chini, "hii si kura ya Amerika?"

Foleni nzima ikasogea. Mwanafunzi akavua miwani akaifuta akaivaa tena. Kijana akaanza kuwasoma wagombea mmoja mmoja, na alipofika chini akashangaa kwamba wako zaidi ya wawili. Hakuna aliyewahi kumwambia. Bodaboda akasema nimpigie Trump kwa kuwa hana maneno ya kuzungusha. Mama wa kitambulisho akasema ni Harris, kwani si alikuja mpaka Dar es Salaam mwaka 2023, huyo mwingine amewahi kuja wapi? Mwanafunzi akataka kujua kama kura yangu ina maana yoyote, ikiwa rais wao anachaguliwa na wajumbe wa majimbo, na akaanza kueleza huku mama anamkatiza. Mimi nimesimama katikati na shilingi zangu mkononi, ninasikiliza uchaguzi wangu ukiamuliwa na watu ambao hawajawahi kulipa kodi ya Minnesota hata senti moja. Nilijitahidi kuweka uso usiosema kitu. Kijana akanitazama, akasema, "Tumekuelewa, mzee."

Siri ya kura ikafia hapo, kabla sijashika kalamu.

Kisha printa ikakataa. Karatasi za Wamarekani zina kipimo chao, fupi kidogo na pana kidogo kuliko A4, na faili ilikuwa imepimwa kwa kipimo hicho. Kijana akabonyeza hapa na pale, akaifinya ile kura mpaka ikaingia, vile visanduku vya kutia alama vikawa vidogo ajabu. Ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa kifungu cha 2009, nikamwombea dua. Zikatoka karatasi ya kura, maelekezo, hati ya kiapo ya kutia sahihi, na ramani za bahasha. Ndiyo, ramani. Wanakuchorea bahasha uikate na kuikunja mwenyewe, kama huna. Kura unaiweka kwenye bahasha ya siri isiyoandikwa jina. Ile ya siri unaitia kwenye bahasha ya kiapo yenye sahihi yako. Ya kiapo unaitia kwenye ya kusafiria. Mwanangu alinikuta mezani na mkasi na gundi, akauliza kama nina mradi wa shule.

Nakumbuka nilimsimulia mke wangu habari za saiba kwa uchungu, nikitarajia pole. Akanifahamisha kwamba yeye, kabla ya kutuma kwa barua pepe, alitia sahihi karatasi inayosema kwamba kwa hiari yake anaachilia haki ya kura ya siri, kwa sababu karani atakayeipokea ataiona. Nikamuuliza basi ulimpigia nani? Akasema hiyo ni siri. Kwa hiyo hali ilivyo ni hii: kuna karani wa Massachusetts, asiyemjua mke wangu kwa sura, anayejua siri ya mke wangu, na mimi niliyemlipia mahari sijui.

Nikachukua bahasha yangu mpaka posta. Kwenye ile ramani pameprintiwa alama ya kuonyesha kwamba gharama ya posta imeshalipwa na serikali ya Marekani. Karani wa kaunta akaisoma, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Imelipwa wapi, baba?" Alikuwa na haki. Alama ile ina nguvu ndani ya mfumo wa posta wa Marekani, kwenye ofisi za posta za jeshi lao, na kwenye ubalozi. Ubalozi wao unaipokea bahasha ya namna hiyo na kuipeleka kwa mfuko wa kidiplomasia bila malipo. Ila ubalozi uko Gigiri, Nairobi, nami niko Kisauni, na baina yetu kuna treni, na nauli, na shemeji wa Nairobi ambaye huwezi kufika mjini kwake usilale. Tena mfuko huo unaweza kuchukua wiki kadhaa kufika. Nikabaki na njia mbili, stempu za kawaida na tasbihi, au kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa bei ya mbuzi. Nikalipa mbuzi.

Kilichonichoma zaidi ni mpwa wangu. Alijiunga na jeshi la Marekani, yuko Ujerumani. Huko kila kikosi kina ofisa aliyepewa kazi ya kusaidia watu kupiga kura. Ofisa! Anakuletea fomu, anakuonyesha pa kutia sahihi, anakukumbusha. Kura ya askari aliye ng'ambo katika uchaguzi mkuu inabandikwa stika maalumu, inasafirishwa kwa haraka bure, na mwenyewe anaifuatilia ilipo. Sisemi wasifanyiwe. Askari wao walipiga kura tangu 1864, vita vikiendelea, Lincoln akiwa mgombea, na anayelala na bunduki anastahili stika. Ninachosema ni kwamba pale Manda Bay, Lamu, kwenye pwani hiihii yangu, kuna kambi yenye askari wa Marekani, na sheria inawahesabu wako mbali na nyumbani kama mimi. Kaskazini mwa Mto Tana kura inasindikizwa. Kusini inatafutiwa mbuzi.

Na hata hao wamewahi kukiona. Mwaka 2000 kule Florida, wagombea urais George W. Bush na Al Gore walipotenganishwa na kura 537, mawakili waligombania bahasha za askari zilizokuja bila muhuri wa posta. Wengine wakitaka zihesabiwe, wengine zitupwe. Mtu yuko melini baharini, amemkabidhi karani wa meli bahasha yake, halafu taifa zima linauliza muhuri uko wapi. Tangu nisome habari hiyo naigeuza kila bahasha niangalie muhuri, hata ya mwaliko wa harusi.

Ipo njia ya dharura pia, na lazima niitaje kwa kuwa inachekesha. Ukiwa umeomba karatasi mapema na haijafika, unaruhusiwa kutumia karatasi tupu ya akiba, ukaandika majina ya wagombea kwa mkono wako. Ukipenda unaandika jina la chama tu. Sheria imesema waziwazi kwamba makosa madogo ya herufi yasiangaliwe, mradi ieleweke unamtaka nani. Ile ya kawaida ikija baadaye, unaituma nayo, na ikifika kwa wakati ndiyo inayohesabiwa. Nikaijaribu mezani. Seneta wetu aliyekuwa akigombea ni Klobuchar, na mkono wangu, bila mimi kuuamuru, ukaandika Klobucha. Nimefurahi kujua kwamba Bunge la Marekani lilinifikiria.

Najua kuna msomaji ameshanuna, anasema si ulalamikie kwenu kwanza. Nimelalamika, tena nikiwa na theluji magotini. Katiba yetu, ibara ya 82, ilisema Wakenya walio nje wapewe haki ya kupiga kura hatua kwa hatua. Mwaka 2013 hatua zikafika Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 zikaongezwa mpaka Afrika Kusini. Mimi niko Minnesota nazisubiri hatua zinifikie. Zikavuka bahari mwaka 2022, nchi 12 ikiwemo Marekani, nami nimesharudi Kisauni. Tena ni kura ya rais peke yake, na lazima uende mwenyewe mpaka kituoni, hakuna habari za bahasha. Waliojiandikisha kutoka nje walikuwa 10,443, nami nawapa heshima yao, maana kwa mtu wa Minneapolis kituo ni safari ya ndege.

Wamarekani wenyewe walio nje nao si kwamba wanakanyagana. Ofisi ya Wizara yao ya Ulinzi inayoshughulikia kura hizi ilikadiria kwamba mwaka 2022 waliopiga ni asilimia 3.4 tu. Watu wanashangaa uzembe huo. Mimi sishangai, mimi nimekata bahasha kwa mkasi.

Sasa kuna jambo jipya nyumbani. Binti yetu amezaliwa Mombasa, hajawahi kukanyaga Marekani, lakini ni raia kwa sababu yetu, na kabla ya uchaguzi ujao atakuwa ametimiza miaka 18. Lile fungu la mwisho la fomu, la raia ambaye hajawahi kuishi kule, ni lake. Majimbo mengi yanamruhusu mtoto wa namna hiyo apige kura kupitia anwani ya mwisho ya mzazi wake, na majimbo yetu yote mawili yamo. Inabaki yeye kuchagua: anwani ya Minnesota au ya Massachusetts.

Nilimkalisha jana baada ya isha nimweleze. Nilianza na historia, nikamwambia habari za Brooklyn Park, maziwa yake, watu wake wapole, jinsi Wakenya tulivyo wengi pale. Nikamwonyesha mkasi. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu. Mama yake alikuwa mlangoni, hajasema neno, ameinua simu yake tu juu kidogo, kwenye kiwango cha macho ya mtoto.

"Ya mama inapigwa kwa simu?" akauliza.

Akaambiwa ndiyo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye bahasha ya pili.